Karatasi za Ng'ambo

Mtu wa Likoni anayeuza kiwanja chake humwacha mnunuzi akitazama mipaka, kisha yeye huvuka. Ardhi iko bara, karatasi zake ziko kisiwani Mombasa. Mahakama kuu, ofisi ya ardhi na mawakili wengi wamekusanyika upande ule wa maji, na imekuwa hivyo tangu enzi ya Mwingereza. Watu wa Kisauni, nao wa bara, walipata daraja la kuelea la Nyali mwaka 1931, na hili la zege mwaka 1980. Likoni bado ni feri.

Kabla ya Mwingereza hati ya shamba ilikuwa ya Kiarabu, imeandikwa mbele ya kadhi na mashahidi. Mipaka ilitajwa kwa majirani: kaskazini shamba la fulani, kusini njia iendayo pwani. Maadamu fulani alikuwa hai na njia inapitika, hati ilijitosheleza. Mwingereza alipoukalia ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar mwaka 1895, hakuweza kuuza wala kukodisha kwa maelezo kama hayo. Alitaka ramani na namba.

Ndipo ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Kila mwenye kudai ardhi katika ukanda ule aliitwa apeleke madai yake kwa afisa wa kusajili hati. Madai yalisikilizwa, wapinzani wakapewa nafasi ya kusema, mpimaji akapima, kisha cheti kikatoka. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Taji. Kwa kazi ya ofisi, utaratibu ulikuwa safi: dai moja, faili moja, uamuzi mmoja. Ubaya wake ulikuwa mlangoni. Waarabu na Waswahili wenye mashamba walizoea hati na kadhi, nao wakaenda. Wadigo wa upande wa Likoni na Wamijikenda wengine walilima ardhi ya ukoo, isiyo na karatasi wala mtu mmoja wa kuiita yangu, na wengi wao daftarini hawamo. Mpaka leo viwanja vya bara vinatambulika kwa herufi za Kiingereza zilizobaki: MN, yaani Mainland North, kwa Kisauni na Changamwe, na MS, Mainland South, kwa Likoni.

Hapo ndipo ulipokomaa mtindo ambao Mombasa inaujua kuliko mji wowote Kenya: nyumba bila ardhi. Ardhi ni ya mtu mwenye hati, nyumba ni ya mwingine anayelipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba huuzwa, hurithiwa, huwekwa rehani, mara nyingi bila daftari la ardhi kujua. Ushahidi wake ni bahasha ya kaki: mapatano ya mauziano yaliyogongwa muhuri wa wakili au wa chifu, na risiti za kodi, nyingine zimefifia wino hata jina halisomeki.

Bahasha hiyo ndiyo inayofika mezani kwa wakili, mwenye ardhi akitaka kubomoa. Kabla ya kesi za mtandao, karani alifungua faili: barua upande mmoja, hati za kesi upande wa pili, tarehe ya kutajwa imeandikwa juu ya jalada na tena katika shajara ya ofisi. Kisha zilianza safari za miguu kwenda masijala, kulipia, kugongesha muhuri, kupeleka nakala kwa wakili wa upande wa pili na kurudi na sahihi ya mpokeaji. Nusu ya ufanisi wa ofisi ya wakili Mombasa, kwa miongo mingi, ilikuwa karani anayejulikana masijala. Jalada la mahakama lisipoonekana, kesi iliahirishwa, na mteja wa Mtongwe alikuwa amelipa nauli bure.

Kwa wakazi wengine wasio na hati, maskwota, suluhisho halikupitia mahakamani. Shamba la Waitiki, Likoni, ekari 930, serikali ililinunua, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawagawia wakazi hatimiliki. Zile zilikuwa hati zilizotolewa kwa mkupuo.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 mahakama zilipunguza shughuli, na Julai mwaka huohuo kesi za Nairobi zikaanza kufunguliwa kwa mtandao. Kanuni za kesi za madai zilibadilishwa mwaka huo, hati zikaruhusiwa kupelekwa kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu. Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua mfumo huo kwa mahakama zote nchini. Wakili mwenye ofisi Changamwe sasa hufungua kesi usiku, hulipa kwa simu, na saa ya kupokelewa hujiandika yenyewe. Ubishi wa kama hati ilifika kabla ya siku kwisha umepungua sana. Karani naye amehamia kwenye mashine ya kuskani, na kazi yake mpya ngumu ni kuzipa faili majina ambayo mwenzake atayaelewa baada ya miaka mitatu.

Bahasha ya kaki inaskaniwa vilevile. Ila Sheria ya Ushahidi bado hutanguliza hati asilia, kwa hiyo siku ya kusikilizwa mwenye nyumba huambiwa aje nayo mkononi, na wa Likoni hupanda feri.