Kunasa samaki wa mapambo kwa kayaki: Mengi huamuliwa ndani ya ndoo

WENGI wanaofuga samaki wa baharini katika matangi ya kioo nyumbani huwanunua madukani. Wapo, hata hivyo, wanaojitafutia wenyewe, hasa katika sehemu zenye bahari ya joto kama vile Florida nchini Marekani na hapa kwetu Pwani. Chombo kinachowafaa wengi wao ni kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja au wawili, unaoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili.

Kayaki haina injini wala kishindo, na hupita katika maji ya magotini bila kukwaruza matumbawe. Lakini ni nyepesi. Siku za bamvua, mkondo unaopita kwenye mlango wa mwamba huweza kuisukuma hadi bahari kuu kabla mwenyewe hajatanabahi. Ndiposa wanaoijua kazi hii huchagua maji mafu, wakatoka maji yakiwa yanakupwa na kurejea yanapoanza kujaa. Katika pwani ya Kenya, msimu mzuri ni kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, wakati bahari imetulia na maji yanaonyesha hadi chini. Kusi ikishaanza, heri kungoja.

Vifaa si vingi: miwani ya kupigia mbizi, nyavu mbili ndogo za mkono, na wavu mwembamba wa kutandaza kando ya jiwe. Samaki huswagwa polepole kuelekea kwenye wavu, kisha akatekwa kwa mfuko wa plastiki uliojaa maji ili magamba yake yasichubuke. Matumbawe hayabanduliwi kwa hali yoyote. Nchini Ufilipino, tangu miaka ya 1960, baadhi ya wavuvi wametumia sumu ya sianidi kuwalevya samaki. Sumu hiyo huua matumbawe, na samaki wengi hufa baadaye wakiwa tayari mikononi mwa mnunuzi.

Anayenasa samaki katika kina kidogo ana nafuu nyingine. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni, na wakivutwa ghafla kutoka kina kirefu kibofu hicho hufura na kuwadhuru. Aliyenaswa katika maji ya mita mbili au tatu huepuka balaa hiyo.

Hatari kubwa inayomsubiri samaki huyo ni ndoo. Plastiki iliyoachwa juani hupata joto upesi, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Ndoo iwe na mfuniko, ifunikwe kwa kitambaa kibichi, maji yabadilishwe mara kwa mara, na ikiwezekana iwekwe pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Kangaja atiwe peke yake, maana ana wembe kwenye shina la mkia. Samaki wa umbo la sanduku naye, akitishika, hutoa sumu inayoweza kuwaua wote walio naye humo. Kwa maoni yetu, samaki watano wanaofika salama ni bora kuliko ishirini wanaofika wakihema.

Kuhusu wa kuachwa, wa kwanza ni yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye huwasafisha wenzake kwa kula vidusia. Watafiti walipowaondoa wasafishaji hao kwa zaidi ya miaka 8 katika baadhi ya miamba ya Lizard Island, Australia, idadi ya samaki wengine ilipungua. Aidha, vipepeo wa baharini wanaokula matumbawe hai hufa njaa katika tangi. Wale wadogo wenye mistari myeupe wanaoishi ndani ya anemoni nao wana jambo la ajabu: mkubwa kuliko wote ni jike, na akiondolewa, dume lake hugeuka kuwa jike. Anayewachukua wote wawili huiacha anemoni hiyo bila wazazi. Makombe ya koni yasiokotwe kwa mkono. Mwiba wa baadhi yao umewahi kuua watu.

Sheria nayo haijanyamaza. Katika hifadhi za baharini kama vile Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, hairuhusiwi kuondoa chochote, hata kombe tupu. Nje ya hifadhi, uvuvi unasimamiwa chini ya sheria ya 2016, na busara ni kufika kwanza katika ofisi ya uvuvi na kwa kamati ya ufuo husika (BMU) kuuliza kuhusu vibali. Farasi wa baharini na matumbawe magumu yamo pia katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Tangi la nyumbani liwe limetayarishwa mapema. Bakteria wanaomeng'enya uchafu wa samaki huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Mgeni awekwe kwenye chombo cha kando kwa mwezi mmoja hivi, ili ugonjwa wa madoa meupe usiwaambukize wenyeji.

Na akichosha, au akikua kupita tangi? Asirudishwe baharini kiholela, kwani huenda amebeba maradhi, na ikiwa alitoka mbali, huweza kuvamia. Samaki-simba, mwenye mapezi ya sumu, ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Alionekana karibu na Florida mwaka wa 1985, na inaaminika alitoka katika matangi ya wafugaji. Leo ametapakaa kote Karibi hadi Brazil, akimaliza samaki wachanga wasiomjua kuwa adui. Anayeshindwa kumtunza samaki wake ampe mfugaji mwenzake mwenye tangi kubwa zaidi.