Lugha ya Ukurasa: Kiswahili na Msomaji Asiyeona katika Enzi ya Tarakilishi

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haki ya asiyeona kusoma Kiswahili katika tarakilishi ni suala la lugha kama ilivyo suala la mitambo.

Louis Braille, kijana Mfaransa asiyeona, alichapisha mfumo wake wa nukta zinazosomwa kwa vidole mwaka 1829. Mfumo huo ulimpa msomaji herufi zenyewe, asitegemee tena kusomewa. Tarakilishi imerejesha sauti: programu ya kusoma skrini huyageuza maandishi yakawa matamshi. Lakini programu hiyo hutegemea kuambiwa ukurasa ni wa lugha gani. Isipoambiwa, aghalabu hutumia sauti iliyowekewa, ambayo mara nyingi ni ya Kiingereza. Basi “mate” husikika “meit”, na “wake” husikika “weik”.

Mwongozo wa kwanza wa kimataifa wa kurasa za wavuti, uliotolewa na W3C mwaka 1999, uliliweka sharti la kutaja lugha kuu ya ukurasa katika daraja la tatu, yaani la mwisho kwa umuhimu. Mwongozo wa pili, wa mwaka 2008, ulilipandisha hadi daraja la kwanza, miongoni mwa masharti ya lazima.

Nchini Kenya, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara iyo hiyo inaiagiza dola ikuze Lugha ya Alama ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa walemavu. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaozitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu vinakiliwe kwa ajili ya wasioona bila idhini ya mwenye hakimiliki.

Sheria, basi, imetangulia. Wanataaluma tumebaki nyuma. Mwandishi wa makala haya aliwahi kumpa mwanafunzi asiyeona makala ya jarida iliyopigwa picha. Kesho yake mwanafunzi alirudi akasema faili ni tupu. Haikuwa tupu: ilikuwa picha ya maneno, wala si maneno.

Yafaa wahariri wahifadhi herufi badala ya picha, watambulishe vichwa vya sehemu, na wataje lugha ya matini pamoja na ya kila nukuu ya kigeni. Tumepigania Kiswahili kiitwe lugha ya taaluma. Ukurasa usiotajwa kuwa wa Kiswahili umekwisha kukikana kabla neno la kwanza halijasikika.