Itifaki ya Needham na Schroeder na chimbuko la uthibitisho wa usalama

Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder, waliokuwa wakifanya utafiti katika kituo cha Xerox huko Palo Alto, California, walichapisha itifaki za kuziwezesha kompyuta mbili mtandaoni kutambuana kabla ya kuanza mazungumzo. Moja ilitumia ufunguo wa siri unaogawiwa na seva inayoaminiwa na pande zote. Nyingine ilitumia funguo za umma. Mwishoni mwa makala yao walitahadharisha kwamba itifaki za aina hii huwa na kasoro ndogo ndogo zisizoonekana katika matumizi ya kawaida, na kwamba mbinu za kuzithibitisha zinahitajika. Onyo hilo lilizaa tawi zima la utafiti: matumizi ya mantiki na hisabati katika kupima usalama wa mawasiliano.

Kasoro ya kwanza, katika itifaki ya ufunguo wa siri, haikuchelewa. Mwaka 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco walionyesha kwamba mtu aliyepata ufunguo wa mazungumzo ya zamani angeweza kurudia ujumbe wa kale ukakubaliwa kama mpya. Walipendekeza kila ujumbe ubebe saa ulipotumwa. Kerberos, mfumo wa utambuzi uliotengenezwa katika chuo cha MIT, ulifuata itifaki hiyo pamoja na marekebisho hayo.

Hata hivyo, kuziba tundu moja baada ya jingine hakukuwa kuthibitisha. Kwanza ilibidi adui aelezwe kihisabati. Kazi hiyo waliifanya Danny Dolev na Andrew Yao, katika makala ya mwaka 1983. Adui wao anaumiliki mtandao wote: anasoma kila ujumbe, anauzuia, anaubadili na kutuma wake. Asichoweza ni kufungua maandishi yaliyofungwa ikiwa hana ufunguo. Mpaka leo sehemu kubwa ya utafiti huu inamtumia adui huyo.

Mwaka 1989 Michael Burrows, Martín Abadi na Needham mwenyewe walitoa mantiki ya BAN, inayofuatilia kile ambacho kila mshiriki ana haki ya kuamini baada ya kupokea ujumbe. Ilifichua udhaifu katika itifaki kadhaa zilizokuwa zikiheshimiwa. Lakini itifaki ya funguo za umma ya mwaka 1978 ilipopimwa kwa mantiki hiyo, kasoro yake kubwa haikuonekana.

Miaka 17 baada ya itifaki hiyo kuchapishwa, Gavin Lowe wa Oxford aliifichua. Tuseme Asha anaanzisha mazungumzo na Tapeli, ambaye ni mtumiaji halali wa mtandao. Anamtumia jina lake na namba ya siri, vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa umma wa Tapeli. Tapeli anavifungua, anavifunga upya kwa ufunguo wa Baraka na kumpelekea. Baraka, akidhani ameandikiwa na Asha, anarudisha namba hiyo pamoja na namba yake, zimefungwa kwa ufunguo wa Asha. Tapeli hawezi kuzifungua, basi anampelekea Asha ujumbe kama ulivyo. Asha anaona namba yake imerudi, anaamini ni jibu la Tapeli, na kumrudishia ile namba ya pili. Tapeli anaipeleka kwa Baraka, naye Baraka anaamini anazungumza na Asha. Dawa ilikuwa fupi: jina la mjibuji liwekwe ndani ya ujumbe wa pili.

Waasisi walikuwa wamechukulia kwamba watumiaji halali ni waaminifu. Lowe alimruhusu adui awe mmoja wao. Mwaka 1996 alionyesha jinsi FDR, programu iliyojengwa juu ya nadharia ya CSP ya Tony Hoare, inavyoweza kulibaini shambulio hilo yenyewe kwa kupitia hatua zote zinazowezekana.

Zana ziliendelea kukua. Mwaka 1998 Lawrence Paulson wa Cambridge alichapisha njia ya kuthibitisha itifaki kwa programu ya Isabelle bila kuweka kikomo cha idadi ya mazungumzo. Mwaka 2001 Bruno Blanchet wa Ufaransa alileta ProVerif, inayofanya kazi hiyo bila kuongozwa na mtu, ingawa wakati mwingine haifikii jibu. Tamarin, iliyotoka ETH Zurich mwaka 2012, ilitokana kwa kiasi kikubwa na tasnifu za uzamivu za Simon Meier na Benedikt Schmidt. Kwa Tamarin watafiti walipima rasimu za TLS 1.3, itifaki inayolinda tovuti, na kugundua shambulio kabla haijaidhinishwa mwaka 2018.

Mwaka 2017 Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walivunja WPA2, ulinzi wa Wi-Fi ambao utaratibu wake wa kukubaliana funguo ulikuwa umethibitishwa mwaka 2005. Hesabu za uthibitisho ule hazikuwa na kosa. Hazikugusa suala la kifaa kuuweka upya ufunguo uliokwisha kutumika. Uthibitisho wa usalama, basi, unafika pale tu adui na mfumo walipoelezwa, na msomaji wa uthibitisho wowote anapaswa kuanza na orodha ya dhana zake.