Kerezo, Si "Mashine ya Kuchongea"

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi moja mjini Bunda, na muhuri juu yake: "Mashine ya kuchongea vyuma, moja, iliyotumika." Jina la ofisi nalihifadhi, maana kosa si lao peke yao. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili niliyegeuza kiinua mgongo kuwa mtaji: nanunua mashine kuukuu, nawauzia mafundi wa Musoma na Butiama. Nikiamini ni kerezo, nikalipia dhamana ya zabuni, nikakodi Fuso, nikamchukua fundi wangu, mzee wa Nyasho, tukaondoka Musoma alfajiri. Stoo ilipofunguliwa, mzee hakuvuka hata kizingiti. "Mwalimu, hiyo siyo. Hiyo ni shepa."

Shepa, kwa asiyeiona karibuni, ni ile mashine ambayo kazi, yaani kipande kinachokatwa, imebanwa mezani haitikisiki, na kisu kinakwenda mbele na kurudi juu yake kama randa ya seremala. Hakuna aliyenidanganya. Kisu kinachonga, na tangazo lilisema kuchongea. Fuso ikarudi tupu, na dhamana yangu mpaka leo naidai.

Nani aliyetupatia istilahi hiyo? Nawaona kabisa wanakamati wa istilahi: siku tatu hotelini, chai na vitafunwa, posho mkononi, na hakuna hata mmoja mezani mwenye grisi ndani ya kucha. Katika semina moja nilisimama kulitetea neno kerezo. Bwana mmoja mwenye shahada nyingi kunizidi akatabasamu, akasema hicho ni Kiswahili cha makumbusho. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo.

Tuanze na kuchonga. Twachonga kalamu, kinyago, mtumbwi, hata barabara kwa greda. Katika zote, kitu kimetulia, na chenye makali ndicho kinachotembea. Butiama wanalijua neno hili kuliko kamati yoyote. Wazanaki walikuwa na desturi ya kuchonga meno, na mwana wao mashuhuri kuliko wote, Mwalimu Nyerere, aliitwa Mchonga kwa sababu hiyo. Jino limekaa palepale kinywani. Aliyehangaika ni mwenye chombo. Mtu akiniambia kwamba jino lile lilizungushwa mara mia nne kwa dakika huku kisu kikingoja pembeni, nitakubali kwamba kuchonga na kukereza ni mamoja.

Kukereza ni kukata kitu kwa kukizungusha. Hapa kazi ndiyo inayozunguka, kisu kinaisogelea taratibu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalo kereza, na inalo kerezo. Wapo waliolitamka keeza, kwa kuangusha ile r. Nalo neno limezaliwa katika ukoo wa sauti. Sikiliza: keketa, kukata kwa kisu butu, kekee, chombo cha kutobolea mbao, kereketa, kinachofanyika kooni ukimeza dagaa mkavu, na kero yenyewe. Sina cheti cha nasaba yake, lakini nina masikio. Simama kando ya kerezo wakati kisu kinagusa chuma kikavu bila mafuta, uniambie kama neno halikutokea humohumo.

Wala si neno lililosubiri umeme. Matendegu ya vitanda vya Lamu, yale ya mviringo yenye mapete mekundu na meusi, hayakuchongwa kwa panga. Yalikerezwa. Kutokana na kereza tunapata kerezo, kama fagio kutokana na fagia: kerezo hili, makerezo haya. Tunapata mkerezaji, ukerezaji, na chuma kinachokerezeka vizuri au vibaya. "Mashine ya kuchongea vyuma" itazaa nini? Haizai, ni maneno manne yaliyopanda basi moja bila kujuana. Na wale vijana wanaoliita kerezo "leithi", kwa kufuata Kiingereza, ambao siku hizi wananiona adui, nawauliza swali moja tu: fundi wa leithi ataitwa mleithi?

Kichekesho ni kwamba nchi hii imewahi kujijengea viwanda vya zana za aina hii, Mang'ula na Machame, kabla hatujakubaliana mashine yenyewe tuiiteje.

Nitaongeza neno la pili, kwa sababu ndilo lenye pesa: kitanda. Ni ile reli nene ya chuma cha kalibu ambayo kisu husafiri juu yake. Mafundi husema bedi, nami nimeshutumiwa kwamba kitanda ni tafsiri ya kitumwa ya neno la Kiingereza. Washutumu wangu wafungue kamusi tena. Kitanda chatokana na kutanda, kukitandaza au kukivuta kitu kikanyooka. Mtande ni nyuzi zilizovutwa kwa mfumaji, na kitanda cha mfumi ni mtambo wake wa kufumia. Mji kama Musoma, uliojengewa kiwanda cha nguo cha MUTEX, usione haya kusema kitanda. Mfuma nguo ana chake, mkereza chuma ana chake, na anayelala ana chake.

Sasa umuhimu wake sokoni. Aliyefundishwa "kuchongea" akifika kwa muuzaji huangalia kisu, mota na rangi. Kisu hubadilishwa, mota hufungwa upya waya, rangi ni ya jana jioni. Aliyefundishwa kerezo anajua lipo linalozunguka na lipo linalosafiriwa, basi hushika kichwa kinachoizungusha kazi, kisha hupapasa kitanda. Mzee wa Nyasho huburuza ukucha wa kidole gumba kutoka mwisho wa kitanda kuelekea kichwani. Karibu na taya zinazobana kazi ukucha unadondoka, kidogo sana, kama mguu uliokosea ngazi gizani. Hapo ndipo kisu kimesafiri miaka yote. "Umesikia?" huniuliza. Kisha hulikaza behewa la kisu palepale kwenye bonde mpaka liende kwa ubishi, akalisukuma kuelekea mwisho. Likikwama njiani, kitanda kimelika, na kukisawazisha kunahitaji mashine kubwa kuliko yenyewe. Kerezo kuukuu la Colchester la Uingereza lenye kitanda kizima nalilipia zaidi kuliko jipya-jipya lililopakwa kijani juu ya bonde.

Mengine kwa ufupi. Kereza kipande cha unene wa milimita 40, urefu wa 150, kwa mkato mwembamba, upime ncha zote mbili kwa maikromita. Tofauti ya milimita 0.02 vumilia, ya 0.1 shusha bei. Geuza mkono wa kisu kinyume uone unazunguka bure kiasi gani. Endesha gia zote, spidi ya juu nusu saa, shika kichwa uone kama hakijachemka. Uliza gia za kubadilisha na taya nne viko wapi. Uliza umeme: kerezo la njia tatu halitauzika kwa fundi mwenye njia moja. Bei ya chini ni uzito wake kwa skrepa. Bei ya juu anaijua mteja wako: wa Buhemba anataka shafti za karasha, wa Musoma shafti ya pangaboi, wa Bunda vipuri vya viwanda vya pamba.

Wanaosema istilahi ikishapitishwa haiguswi, nawakumbusha Mchonga wa Butiama. Tafsiri yake ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 akaitoa upya, safari hii Juliasi Kaizari. Rais wa nchi alirudia kazi yake mwenyewe. Kamati yenu ina cheo gani zaidi?

Nawe msomaji, mpaka wanikubalie, ukiona tangazo la "mashine ya kuchongea" usikodi Fuso. Piga simu kwanza, uliza: kinachozunguka ni kazi au kisu? Wakikujibu kazi, hilo ni kerezo. Nenda na ukucha wako. Wakikujibu kwamba hawajui, baki Musoma.