Kuta za Clumber na Jasho la Waliozitumikia

Wapo ndugu zetu wanaodhani kwamba jumba la kabaila likibomoka, ukabaila nao umebomoka. Tuchukue mfano wa Clumber, katika mkoa wa Nottinghamshire huko Uingereza. Mwaka 1707 sehemu hiyo ya msitu wa Sherwood ilizungushiwa uzio ikawa uwanja wa kuwindia, na katika miaka ya 1760 makabaila wa Newcastle wakaanza kujenga jumba lao hapo. Jumba hilo lilibomolewa mwaka 1938. Yaliyobaki ni mabanda ya farasi, kanisa, na bustani iliyozungukwa na kuta za matofali.

Bustani hiyo ndiyo inayotufundisha zaidi. Uingereza ni nchi ya baridi, lakini kabaila alitaka zabibu mezani kwake. Matofali ya ukuta hunyonya joto la jua mchana na kulitoa usiku. Tena pale Clumber ikajengwa nyumba ya vioo yenye urefu wa mita 137 hivi. Katika bustani za namna hii, nyuma ya ukuta, upande usiopata jua, ndiko vilikowekwa vibanda vya kazi, matanuri ya makaa, na mara nyingi vyumba vya kulala vya vijana watunza bustani. Hao ndio walioamka usiku kuchochea moto ili zabibu zisipate baridi.

Nguvu hiyo haikuishia bustanini. Mwaka 1829 Duke wa nne wa Newcastle aliwafukuza wapangaji wake wa mji wa Newark kwa kosa la kupiga kura kinyume cha matakwa yake. Alipolaumiwa, akauliza kama hana haki ya kufanya apendavyo na mali yake. Tuseme kweli, alikuwa mkweli kuliko wengi wa tabaka lake. Oktoba 1831, Baraza la Makabaila lilipoukataa mswada wa kupanua haki ya kura, umati wenye hasira ulichoma ngome yake ya Nottingham. Yeye akalipwa fidia ya pauni 21,000. Wafanyakazi watatu wakanyongwa kwa ajili ya machafuko ya siku zile.

Basi Clumber haikuangushwa na umati. Kodi ya mirathi iliyoanzishwa mwaka 1894 ilifikia asilimia 40 kwa mali kubwa kabisa mwaka 1919, na gharama za kutunza majumba ya aina hii zikawalemea wenyewe. Wakabomoa jumba; ardhi hawakuiachia bure. Ilipofika mwaka 1946 wananchi na halmashauri za jirani walichanga fedha, na uwanja ukanunuliwa na chama cha hifadhi kiitwacho National Trust. Tulitazame vizuri neno hilo: ukanunuliwa. Msitu uliozungushiwa uzio mwaka 1707 ulilipiwa fedha taslimu ili watu waweze kuingia tena.