Kratos na mkono uliosita

Mjukuu wangu alipokuja likizoni, sebule iligeuka uwanja wa vita. Nikamuuliza, "Nani huyu pandikizi la mtu kwenye runinga?" Akanijibu bila kugeuka, "Ni Kratos, Babu. Aliua miungu." Nikaguna. Kisha nikavuta kiti, maana hadithi ni hadithi, hata ikichezwa kwa vidole.

Mchezo wa kwanza wa video wa God of War ulitoka 2005. Humo Kratos, askari wa Sparta, analaghaiwa na Ares, mungu wa vita, anawaua mkewe na bintiye kwa mikono yake mwenyewe. Majivu yao yanagandamana na ngozi yake. Msiba mzito huo! Ila kwa miaka mingi ulitumiwa kama kuni za kuchochea hasira tu. Kufikia God of War III, mwaka wa 2010, alikuwa amemuua hata Zeus, babake mzazi. Sisi wahakiki tungemwita mhusika bapa: alianza na ghadhabu, akamaliza na ghadhabu.

Mwaka wa 2018 mwelekezi Cory Barlog alimrudisha. Hakuyafuta ya kale. Alimhamishia Kratos katika visasili vya Skandinavia, akampa mke aliyefariki, mwana aitwaye Atreus, na safari ya kuyapeleka majivu ya marehemu kileleni. Majivu tena, lakini safari hii yamebebwa kwa heshima.

Tazama lugha yake, msomaji. Ni nadra Kratos kumwita mwanawe kwa jina. Humwita "mvulana", kavu kama amri ya jeshi. Baada ya kuwinda paa, anaunyosha mkono amguse mtoto mgongoni, anasita, anaurudisha. Mkono ulioua miungu unaogopa kumliwaza mtoto! Mwishowe anapoungama kwamba alimuua babake, ndipo tunang'amua: hakumchukia Atreus, alijihofia mwenyewe. Kina cha mhusika hakikuletwa na machozi, bali na yale aliyoshindwa kusema.

Marehemu babangu aliniita "wewe" hadi nilipohitimu shahada ya uzamifu. Nilidhani hanipendi.

Jioni hiyo chajio kilipoiva, nilifungua kinywa kusema, "Wewe, njoo ule!" Nikasita. Nikamwita mjukuu wangu kwa jina lake. Akausimamisha mchezo, akageuka.