Injini ndogo ya mvuke: jinsi ya kuimiliki, kuiboresha na kuitibu inapogoma

Msikilizaji wetu mmoja wa Bumbuli ametuletea swali ambalo hatukulitegemea. Marehemu baba yake, aliyefanya kazi kwenye reli ya Tanga, aliacha sandukuni kichwa kidogo cha treni cha shaba. Urefu wake haufiki dhiraa moja. Si pambo la mezani: kina boila, kina silinda, na chini yake kuna kijisahani cha moto. Wajukuu wanataka kukiona kikitembea. Je, akiwashe?

Jibu letu fupi ni: asikiwashe bado. Jibu refu ndilo makala haya, na litamfaa yeyote aliyerithi, aliyenunua au anayetamani kuwa na injini ya namna hii.

Inafanyaje kazi?

Vichwa vingi vya treni vya kuchezea huendeshwa na mota ya umeme. Hiki ni cha aina nyingine. Moto unachemsha maji ndani ya boila, mvuke unapita kwenye bomba jembamba hadi kwenye silinda, unasukuma pistoni, na pistoni inazungusha magurudumu. Kanuni ni ileile iliyoendesha treni kubwa, ila hapa kila kitu kimepunguzwa.

Kilichopunguzwa ni ukubwa. Hatari yenyewe bado ipo. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutanuka zaidi ya mara 1,600. Injini ndogo nyingi hufanya kazi kwa presha isiyozidi baa 3 au 4. Katika presha ya baa 3 maji hayachemki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, bali kwenye nyuzi 143 hivi. Boila ikipasuka, maji hayo yote hutafuta nafasi ya kuwa mvuke kwa mara moja, na aliyekaribu huungua kabla hajajua kilichotokea.

Kwa nini Usambara?

Wakazi wa milima hii wameishi na mvuke kwa zaidi ya karne moja. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, wakati wa Wajerumani. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kwa mtu wa Bumbuli, Mombo ndiyo ilikuwa mlango: unateremka hadi Soni, kisha bondeni, na hapo ndipo treni ilipo.

Upande wa Usambara Mashariki kulikuwa na reli nyembamba zaidi, yenye upana wa sentimita 75, iliyotoka Tengeni kwenda Sigi kuchukua mbao. Reli kuu ya Tanga ina upana wa mita moja.

Vipimo hivi vina maana kwa mwenye injini ndogo. Reli za mifano zinazotumika sana kwa mvuke wa kweli ni za milimita 45 na milimita 32. Ukichukua kipimo cha 1 kwa 22.5, reli ya mita moja inakuwa karibu milimita 45, na ile ya sentimita 75 inakaribia milimita 32. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza mfano wa treni ya Tanga achague milimita 45.

Ajiandae pia kwa ukubwa. Injini za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki zilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa tani zaidi ya 250. Zilijengwa 34 katikati ya miaka ya 1950 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, zikapewa majina ya milima. Moja wapo, namba 5930, inaitwa Mount Shengena, jina la kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare, jirani zetu. Leo iko katika Jumba la Makumbusho la Reli mjini Nairobi. Mfano wake kwa kipimo tulichotaja ungekuwa na urefu wa takriban mita 1.4.

Ukiipata injini ya zamani, anza na nini?

Anza na macho, moto usubiri.

Kwanza, angalia viungo vya boila. Boila nzuri huunganishwa kwa kulehemu kwa fedha, ambako huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 600. Risasi laini ya mafundi redio huyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190 hivi. Ukiona mtu aliziba ufa wa boila kwa risasi laini, usiiwashe kabisa. Maji yakipungua kidogo tu, joto la moto linafika hapo bila taabu.

Pili, tazama utambi wa zamani na kitambaa kilichozungushiwa boila. Injini za miaka ya nyuma nyingi zilitumia asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Usikwangue wala usipulize. Lowesha, funga kwenye mfuko, na usiwape watoto wakushikie.

Tatu, angalia valvu ya usalama. Hii ndiyo inayofunguka yenyewe presha inapozidi. Katika injini iliyokaa miaka mingi, chokaa na mafuta yaliyoganda huigandisha. Valvu iliyoganda ni sawa na kukosa valvu.

Nne, zungusha magurudumu taratibu kwa kidole. Yakikataa, usilazimishe. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyokuwa kama gundi. Dondoshea mafuta ya taa kidogo, acha usiku mzima, kisha ujaribu tena.

Jaribio la maji

Boila isiyojulikana historia yake hupimwa kwa maji baridi. Isipimwe kwa mvuke, wala kwa upepo. Sababu ni rahisi: maji hayabaniki. Boila ikishindwa wakati imejaa maji, hutoa mchirizi na presha huanguka papo hapo. Ikishindwa ikiwa imejaa upepo au mvuke, hurusha vipande.

Jaza boila hadi hewa yote itoke, ziba tundu la valvu ya usalama kwa kizibo cha nati, unganisha pampu ya mkono yenye geji, kama ile ambayo mafundi bomba hupimia mabomba ya nyumba, kisha panda polepole. Vyama vya watengeneza mifano Uingereza hupima boila mpya kwa mara mbili ya presha yake ya kazi, na marudio yake kwa mara moja na nusu. Kwa hiyo boila ya baa 3 iliyowahi kupimwa hufikishwa baa 4.5. Geji ikae palepale kwa dakika kadhaa. Ikishuka, tafuta linapovuja. Ubavu wa boila ukivimba, safari yake imeishia hapo.

Kama hujui presha ya kazi ya injini yako, usiikisie. Mpelekee fundi anayejua boila.

Maji, mafuta na moto

Maji ya kisima au chemchemi hubeba madini yanayoganda ndani ya boila na kuziba valvu. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa, au maji safi ya mvua. Milimani mvua tunayo. Lakini usikinge ile ya kwanza inayosafisha bati. Subiri mvua iendelee, kisha kinga na uchuje kwa kitambaa. Ukienda dukani kuulizia maji ya betri, soma chupa vizuri, kwani tindikali ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana.

Usijaze boila hadi juu. Acha kama robo iwe nafasi ya mvuke. Na sheria inayopita zote ni hii: moto uzimike kabla maji hayajaisha. Tumia bomba la sindano kupima. Weka maji kwa kipimo na spiriti kwa kipimo, washa, na injini ikishapoa pima maji yaliyobaki. Yakibaki kidogo mno, punguza spiriti mara ijayo.

Mwali wa spiriti hauonekani vizuri juani. Washa kivulini, weka mchanga au kitambaa kilicholowa karibu, na usiongeze spiriti kabla hujahakikisha moto umezimika.

Mafuta ya silinda ni mazito na ni maalumu kwa mvuke. Usitumie oili ya gari: ina sabuni za kusafishia injini, hivyo huchanganyika na maji na kuwa kama uji.

Je, urefu wa milima unaathiri?

Unaathiri, lakini si pale wengi wanapodhani. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji ya sufuria isiyofunikwa huchemka kwa joto pungufu kwa karibu digrii moja. Ndani ya boila iliyofungwa tofauti hiyo haina uzito, kwa sababu presha hutengenezwa na boila yenyewe.

Tatizo ni baridi, kwa wanaotumia gesi. Injini nyingi za gesi zimetengenezewa gesi ya butani, ambayo huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, na asubuhi ya Juni au Julai huku kwetu huwa haina nguvu. Tangi dogo likiwekwa katika maji ya uvuguvugu, moto unarudi. Kamwe usilipashe kwa moto. Na usilijaze kutoka kwenye mtungi wa jikoni. Gesi ya kupikia ina propani, ambayo presha yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ambayo tangi hilo limejengewa.

Kuiboresha bila kuiharibu

Mabadiliko yanayofaa zaidi ni matatu: kuweka geji ya presha, kuweka kikombe cha mafuta kinacholisha silinda, na kuweka koki ya kudhibiti mvuke ili treni isikimbie hovyo. Kikombe cha mafuta ni cha ajabu kwa urahisi wake: mvuke unaingia, unapoa kuwa maji, maji yanazama chini kwa kuwa ni mazito, na mafuta yanasukumwa juu hadi kwenye bomba la mvuke.

Badiliko la hatari ni kuongeza moto. Anayeondoa kijisahani cha spiriti na kuweka kichoma gesi chenye nguvu, huku valvu ya usalama ni ileile, ameongeza mvuke bila kupanua mlango wa kutokea. Hatari zaidi ni kukaza springi ya valvu ili injini ivute mabehewa mengi. Hilo halifanywi hata mara moja.

Bumbuli ina jambo lake jingine: uwanja tambarare ni adimu. Injini isiyo na koki huteremka mlima kama jiwe. Tengeneza meza ya mbao, uipime kwa pima maji, na mzingo uwe na nusu kipenyo cha mita moja au zaidi.

Injini inapogoma

Presha haipandi: utambi umebanwa sana au ni mfupi, au mvuke unavuja. Kwenye injini ya gesi, huenda tundu la gesi limeziba. Lipulizie kwa nyuma. Usilichokonoe kwa sindano, maana likipanuka moto hauwi sawa tena.

Presha ipo, magurudumu hayaendi: silinda zimejaa maji kwa kuwa bado ni baridi. Shika injini kwa kitambaa, isukume mbele na nyuma mara chache, nayo itatema maji na kuondoka.

Inatema maji kwenye bomba la moshi muda wote: umejaza kupita kiasi, au maji ni machafu na yanatoa povu.

Inachechemea: silinda moja haipati mvuke sawasawa. Kwenye injini ambazo silinda yenyewe huyumba, safisha nyuso zinazogusana na uzipake mafuta. Usizipige tupa. Kwenye nyingine, kagua kama kuna skrubu iliyolegea kwenye mtambo wa valvu.

Inavuja kwenye kiungo: subiri ipoe ndipo ubadilishe oringi au uzungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba. Usikaze kiungo chenye presha.

Ikimaliza kazi, ngoja presha iishe kabisa, kisha fungua kizibo cha kujazia maji. Ukikiacha kimefungwa, boila ikipoa itavuta mafuta ya silinda ndani yake.

Na yule wa Bumbuli?

Tumemshauri hivi. Boila ya baba yake isipate moto hadi ipimwe kwa maji mbele ya fundi. Wakati huo wajukuu hawana haja ya kusubiri. Atenganishe bomba la mvuke na boila, atie mafuta kwenye silinda, aunganishe pampu ya mguu yenye geji, na asizidishe baa moja. Asitumie kompresa ya fundi tairi, ina presha kubwa mno. Magurudumu yatazunguka, pistoni zitakwenda, na sauti itasikika.

Boila ikipita jaribio, ataiwasha. Ikishindwa, itabaki ikizunguka kwa upepo, kila kitu kilichoguswa na mikono ya mzee kikiwa mahali pake.